Jicho la Mashine ya Godelive

Butembo, mashariki mwa Kongo, wakati wa vita, mtu aliyepeleka mashine ya michezo kwa fundi hakuondoka. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya meza, akatazama kila skrubu ikitoka na kila skrubu ikirudi. Lentille, ambayo mafundi waliiita jicho kwa sababu ndiyo inayosoma diski, haikuwa ikifika tena kutoka Kampala. Jicho zima lilitamaniwa kama chumvi.

Godelive aliijua desturi hiyo. Mumewe alipouawa njiani kwenda Kayna, alimwachia chumba kimoja huko Bulengera, televisheni, groupe ya kuwasha umeme, na mashine ya michezo, PlayStation. Vijana na askari walilipa ili wacheze, na kwa malipo hayo watoto wake walikula. Shamba hakuwa nalo, wala meza sokoni.

Diski zote halisi za dukani zilipokwaruzika, zilibaki zilizonakiliwa tu, ambazo mashine ilizikataa. Akaipeleka kwa fundi Ananie, aitie kipande kidogo cha elektroniki cha kuilazimisha izikubali. Ananie alikuwa rafiki wa marehemu, na Godelive ndiye aliyemsimamia binti yake Jemima kwenye ubatizo, akawa marraine wake.

Ananie akakifungua kifuniko, akaweka chuma cha kuchomelea juu ya makaa. Godelive akavuta kigoda.

"Ee, Marraine! Na weye utanichunga kama mwizi? Si ni weye ulimushika mutoto yangu kwa maji ya batisimu?"

"Hapana, Baba Jemima. Ni miguu tu inaniuma."

"Basi wende kwa Orpa, anapika sombe. Huku ni moshi tu."

Akaona haya, akainuka, akaenda jikoni kwa mke wa Ananie.

Alipoitwa, fundi alikuwa ameinamisha uso. Jicho limekufa, alisema. Ni uzee, marehemu alilitumia sana. Akamshika mkono, akaanza Baba Yetu kwa ajili ya marehemu, na Godelive akalia kana kwamba mumewe amekufa tena. Njia nzima alirudi akimshukuru Mungu kwa kumpa ndugu kama huyo.

Chumba kikafungwa. Nyumbani ugali ukapungua, kisha ukawa wa mara moja kwa siku. Ndipo akapita Tshibangu, askari Mkasai aliyezoea kuja kucheza.

"Mama, mbona kimya? Kuya basi uone mashine ya chef, komanda wetu! Ilikuwa imekufa kabisa, Ananie akaifufua. Alitoa jicho mu mashine ya mujane mumoja. Anasema huyo ni mutu wa nyumba, hawezi kuuliza." Akacheka, kisha akauona uso wake. "Ah, Mama... ni yako?"

Godelive alimkuta Ananie mezani.

"Baba Jemima, wakati tulikuwa tunaomba Baba Yetu, jicho yangu ilikuwa mu mufuko yako?"

Ananie aliitazama mikono yake.

"Chef aliweka pistolet hapa juu ya meza, Marraine. Ningefanya je?"

"Ungeniita. Ningekupa mi mwenyewe, upone. Lakini weye uliniliza bwana yangu mara ya pili, na ukanishika mukono."

"Sikupata namna ya kusema."

"Namna ya kuomba uliipata."

Jemima alitoka mbio akimwita. Godelive alimfuta kamasi, akamrudisha kwa mama yake, akaondoka.

Kesho yake aliifunga mashine ndani ya kitenge, akaiweka kwenye beseni kichwani. Ananie alimwona akipita, akatoka na bisibisi mkononi.

"Marraine, leta! Ntatafuta ingine, bure kabisa!"

Godelive alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mpita njia, akaendelea hadi upande wa Mususa, kwa fundi ambaye watu walimsema vibaya waziwazi. Mzee huyo alipokea beseni, akamkagua mgeni wake, akauliza swali ambalo kila mtu wa Butembo huuliza kwanza:

"Weye ni wa kwa nani?"

"Siko wa mutu," alijibu Godelive, akavuta kigoda. "Fungua tu."