Kundi la Kusubiri

Zipora Jilala hakuwa mtu wa kuogopa takwimu. Alipojiunga na shahada ya uzamili ya saikolojia, wenzake darasani walilichukia somo la mbinu za utafiti. Walisema limewekwa ili kurudisha watu makwao. Yeye alilipenda. Alikuwa amefanya kazi ya ustawi wa jamii Shinyanga mjini kwa miaka mingi, akiwapokea wajane, walevi na wazazi waliogombana, akiwapa ushauri kadiri alivyojaliwa. Kila walipotoka alibaki akijiuliza kama yale maneno yamewafaa kitu, au yameingia sikio hili na kutokea lile. Somo lile ndilo lililomwambia kwa mara ya kwanza kwamba jambo hilo linaweza kujulikana.

Njia yenyewe ilikuwa rahisi kuieleza. Unawachukua watu wenye shida moja, unawagawa mafungu mawili kwa bahati nasibu. Fungu la kwanza linapewa ushauri sasa, la pili linasubiri zamu yake. Baada ya miezi mitatu unawapima wote. Kama waliopewa wana nafuu kuliko waliosubiri, umeshajua.

Akaenda kufanya utafiti wake kwenye kambi moja ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, ambako masika ya mwaka ule duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lilikuwa limetitia na kufukia watu. Waliotolewa wazima hawakuwa wazima. Wengine hawakulala, wengine walinywa tangu asubuhi, wengine hawakuweza hata kukaribia mdomo wa shimo.

Mmoja wao alikuwa Kalisti, mwanamume wa makamo, mpole, baba wa binti aitwaye Suzana. Alikuwa amekaa chini ya kifusi na rafiki yake Davis, wakizungumza gizani, mpaka Davis alipoacha kujibu. Tangu atolewe, kila ngurumo ya karasha la kusagia mawe ilimrudisha kule chini. Mkewe, Martina, alimwambia Zipora kwamba mumewe hulala ameketi, mgongo mlangoni.

Siku ya kugawa makundi, Zipora alikunja vikaratasi akavitia kwenye kofia ngumu ya mchimbaji, kila mtu akachukua chake. Kalisti alikunjua cha kwake, akakitazama, akamtazama Zipora.

“Mbili. Mbili ndiyo ipi, mwalimu?”

“Ni kundi la kusubiri, baba. Zamu yenu ni mwezi wa tisa.”

Kijana mmoja aliyeitwa Luka, aliyekuwa ameketi karibu na Kalisti, akanyoosha karatasi yake. “Mwalimu, mimi nimepata moja. Mimi nina nafuu, nalala. Mpe Kalisti hii, mimi nitasubiri.”

Watu wakaitikia kwamba hilo ni la haki. Zipora naye aliona ni la haki. Lakini alijua kwamba akiruhusu watu wabadilishane kwa huruma, walio hoi watajaa upande mmoja na kazi yote itakuwa bure.

“Haiwezekani, Luka. Utaratibu hauruhusu. Baba Suzana, vumilia kidogo. Ukizidiwa nenda zahanati, nimeshaongea na mganga.”

“Sawa, mwalimu,” Kalisti alisema. Alikikunja kile kikaratasi vizuri, akakitia mfukoni kwa adabu, kama mtu aliyepewa kitu.

Mwezi uliofuata alitoweka. Aliondoka asubuhi na mapema, hakuaga. Wengine walisema ameonekana akielekea kwenye mashimo ya zamani, yale yaliyojaa maji. Martina aliyazunguka akiita mpaka sauti ikamkauka.

Zipora alimpelekea habari msimamizi wake, Dokta Gregory, mzee mwenye huruma aliyesimamia tafiti nyingi. Dokta alivua miwani. “Pole sana, Zipora. Mwandike kwamba ametoka kwenye utafiti. Hutokea.”

Mwezi wa nane, Zipora akiwa safarini kutoka Shinyanga kurudi machimboni, basi lilipata hitilafu Isaka, abiria wakaambiwa washuke. Zipora alitembea kutafuta maji ya kunywa, akapita mahali malori ya kwenda Rwanda na Kongo yanapopanga foleni. Miongoni mwa wapakiaji, gunia begani, alimwona Kalisti.

“Mwadila, mwalimu,” alisalimu kwa Kisukuma, akalitua gunia. Alikuwa amekonda, lakini macho yalikuwa yametulia. Walikaa kwenye kivuli cha tela.

“Mkeo anakutafuta. Anadhani umekufa.”

“Najua.” Alijifuta jasho. “Hapa nalala. Malori yanaunguruma lakini yako juu ya ardhi. Kule kila nikimwangalia Martina naona anangoja niwe yule wa zamani. Sina huyo mtu wa kumpa.”

“Niruhusu nimwambie uko hai tu. Si lazima nitaje mahali.”

“Akijua niko hai atanifuata. Ulisema siku ile, ukatusomea na karatasi, kwamba habari zetu hutamwambia mtu. Ulisema hata mke. Au na hilo utaratibu hauruhusu?”

Hakulisema kwa ukali. Zipora aliahidi tena, basi lilipopiga honi akaondoka.

Matokeo yalipotoka yalikuwa mazuri kuliko alivyotarajia. Waliopata ushauri walikuwa wamepata nafuu ya wazi. Wengi walilala, pombe ilipungua. Dokta Gregory alimpa mkono kwa furaha. Zipora alitoka ofisini, akaenda msalani akajifungia akalia. Alitamani ushauri wake ungekuwa haukumsaidia mtu yeyote; hapo Kalisti asingekuwa amekosa kitu.

Zamu ya kundi la pili ilipofika, viti vilipangwa. Kwenye kiti cha Kalisti alikuja kuketi Martina, amejitanda kanga.

“Najua si langu,” alisema. “Lakini nafasi ni ya nyumba yetu. Nami silali.”

Zipora alimwacha akae. Wiki baada ya wiki alimsikiliza akisema jambo lile lile: kwamba angejua tu amekufa au yu hai, angeshika njia moja. Zipora aliitikia kwa kichwa, kama alivyofundishwa. Aliporudi Isaka kumwomba Kalisti amfungue kwenye ahadi, aliambiwa yule bwana amedandia lori la kwenda magharibi.

Mwezi wa kumi na mbili akaja Sostenes, kaka mkubwa wa Kalisti, pamoja na wazee wa ukoo. Waliamua kwamba imetosha; ndugu yao ameliwa na yale mashimo, aliliwe na yaishe. Turubai likafungwa, uji ukapikwa. Zipora alifika, akaketi mkekani kati ya wanawake. Martina alikuwa amenyolewa nywele. Alipoanza kuimba wimbo wa maombolezo kwa sauti yake iliyopasuka, Zipora alishindwa. Akamshika mkono, akampeleka nyuma ya nyumba.

“Mama Suzana, nilimwona. Alikuwa hai. Alikuwa Isaka, anapakia malori.”

Martina alimtazama, uso haukubadilika. “Lini?”

“Mwezi wa nane.”

“Mwezi wa nane,” Martina alirudia. “Nami nilikuwa nakuja kukaa mbele yako kila Alhamisi.”

“Nilikuwa nimemwahidi. Nilitia saini.”

“Na mimi hukuniahidi kitu,” Martina alisema. Akarekebisha kanga yake, akarudi mkekani. Kwenye vikao hakuonekana tena.

Sostenes alikwenda Isaka, akauliza huku na huku, akarudi mikono mitupu. Zipora alimweleza Dokta Gregory kwamba amevunja usiri. Mzee akamwambia asiliandike popote. Tasnifu ilipita, na watahini waliusifu umakini wake katika kugawa makundi.

Sasa amerudi kazini Shinyanga. Humpigia Martina simu mara chache. Huita mpaka inakatika bila kupokelewa. Luka ndiye humpa habari: mama yule bado anaponda mawe kambini, nywele zimeota, nguo ya msiba amevua, na majirani hawajui wamwite mjane au wamwiteje. Kuna mwanamume aliyetaka kumposa. Martina alimjibu, “Sijui kama nina mume. Rudi nikijua.”