Baba Mkwe Bombani

“Jogoo yule alikuwa wangu,” Ikupa alisema, ameuziba mlango kwa upana wake wote. “Ulimpa dada yako bila kuniuliza, na leo nataka maelezo.”

Mumewe, mzee Anyitike, alikuwa amesimama na kofia yake ya kaki mkononi. Ndizi za mchana alikwisha kula, maji alikwisha kunywa, na sasa alitaka kurudi kazini.

“Jogoo gani, Mama Jailos?”

“Mwekundu. Mwenye kidole kilichopinda.”

“Yule si alikufa Jailos hajaota meno? Jailos sasa ana mke na mtoto.”

“Kwa hiyo jogoo akifa anaacha kuwa wangu?”

Anyitike akakaa tena kwenye kigoda, polepole, kama mtu aliyeambiwa nyumba yake imehamia ng’ambo ya mto. Tangu bomba la maji lije, mkewe alikuwa amebadilika. Kila mchana akija kula anakuta kesi mpya. Jana alishtakiwa kwa kucheka msibani, kwenye msiba ambao hata waliolia walikwisha kufa. Juzi ilikuwa kesi ya siku ya posa yao, kwamba macho yake yalimpita Ikupa yakatua kwa mdogo wake. Mwanamke aliyekuwa mpole hata kuku wakalala begani kwake, leo anafukua makaburi.

Asichojua mzee ni kwamba Ikupa hakuwa na shida na jogoo. Shida yake ilikuwa makalio ya mumewe: yabaki pale kigodani, yasirudi bombani, mpaka Tusekile, mke wa Jailos, ajaze debe lake.

Kule milimani kwao, upande wa Tukuyu, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani. Mzee akija njiani anakohoa, na mkwe anatumbukia kwenye migomba, kajifunika uso. Ikupa mwenyewe aliishi na kikohozi cha baba mkwe wake tangu alipoolewa mpaka mzee alipofariki. Kikohozi kile kilitikisa vyungu rafuni. Akaamini ni jitu linaloinama lisigonge mawingu. Siku ya msiba ndipo alipomwona kwa mara ya kwanza, amelazwa mkekani, kazee kadogo ambako mtoto angekabeba mgongoni. Ikupa akapiga yowe hadi waombolezaji wakanong’ona kwamba huyu ndiye aliyempenda kweli. Kumbe alishtuka tu, akikumbuka miiba yote iliyomchoma miguuni kwa kukikimbia kitu kile.

Na maji aliyabeba tangu alipokuwa na kimo cha mtungi. Kijito kiko bondeni, na kilima chake si kilima cha mchezo: shoga yake mmoja alishuka na mimba, akapanda na mtoto anayetembea. Ndiyo maana Eliezeri, karani wa baraza, alipotangaza kwamba serikali itawakopesha fedha za mabomba, za kurudishwa kidogo kidogo kila mwaka, na riba yake ndogo kama punje ya ulezi, Ikupa alibaki mdomo wazi. Maji kukopwa? Akauliza kutoka nyuma walikokaa wanawake kama mvua ikinyesha itahesabiwa ni malipo. Wanaume wakacheka, na hakuna mwanamke aliyeulizwa lolote.

Wanaume ndio waliochagua mahali. Kitu cha serikali kikae penye heshima, wakasema, wakalisimamisha bomba mbele ya baraza, hatua chache kutoka benchi la wazee. Ulinzi akapewa Anyitike, pamoja na kofia na spana. Mabomba ya chuma yalitoka mbali sana huko juu, hivi kwamba chura aliyeingia kijana alitoka na wajukuu. Siku maji yalipomwagika kwa mara ya kwanza, wazee walipiga makofi.

Kisha wazee wakakaa kwenye benchi kusubiri wanawake na mitungi yao. Hakuja hata mmoja. Kesho yake vilevile. Maana Anyitike, kwa damu au kwa rika, alikuwa baba mkwe wa karibu kila mwanamke aliyeolewa pale kilimani. Kanisani hawakusumbuana, wanawake upande huu, wanaume upande ule. Lakini bomba lilikuwa na upande mmoja tu. Wanawake wakapita mbali, wakashuka kijitoni kama zamani.

Ikupa angeliacha hivyo, kama si Silvester, mtoto wa Tusekile. Maji ya kijito yalimharisha mpaka akawa mwepesi kama kanga iliyoanikwa. Mganga wa misheni akasema anywe ya bomba, la sivyo mama yake asimletee tena mtoto huyo. Ikupa mwenyewe mgongo wake ulikwisha kukataa debe, na hapo ndipo alipoanza kugombana na mumewe. Mchana wazee wengine walikwenda kulala, Anyitike alikuja kula, na kadiri ugomvi ulivyorefuka ndivyo wakwe walivyochota. Tusekile akimaliza, alipita nyuma ya migomba na kukohoa, kama wazee wakohoavyo, na Ikupa alisamehe papo hapo.

Leo kikohozi kilichelewa.

“Nimekubali kosa la jogoo,” Anyitike alisema. “Nitakulipa wawili. Nipishe.”

“Na mayai yake?”

“Jogoo hatagi, mke wangu.”

“Angekuwepo, mitetea ingetaga zaidi.”

Mzee akavaa kofia yake. “Sikiliza. Lile bomba bado si letu, ni la mkopo. Likivunjika, deni halivunjiki. Tutalipia chuma kikavu, mimi, Jailos, na mtoto wa Jailos akikua. Niliwaona ng’ombe wa baba wakiswagwa kwa ajili ya kodi, na mimi nimeshika mkia wa yule wa mwisho. Siwezi kuliacha peke yake.”

“Mtoto wa Jailos naye atalipa?”

“Naye.”

“Basi angalau anywe kwanza.”

Limetoka. Ikupa akajiziba mdomo, lakini neno lilikuwa limekwisha kufika.

“Asinywe kwa nini?” Anyitike aliuliza. “Nani kamkataza?”

“Wewe. Mama yake atachotaje nawe umekaa pale umelikumbatia kama mke wa pili? Nani kati yao atapita mbele ya uso wako?”

Anyitike akamtazama mkewe, akaitazama spana, kama ndiyo iliyosema.

“Mimi?” Sauti ilikuwa ndogo. “Eliezeri aliniambia hawapendi ladha ya chuma. Nimekuwa nikiyaonja kila asubuhi, nasema mbona matamu.”

“Matamu sana.”

“Umejuaje wewe?” Akainuka. “Mama Jailos. Kila mchana unanishikilia hapa. Bombani sasa hivi yuko nani?”

Ikupa akatega sikio upande wa migomba. Kikohozi hakikuja. Ilikuja sauti nyingine, kama mvua inayonyesha mahali pamoja tu, na miguu inayokimbia, tena inakuja huku.

“Nakuuliza, nani yuko...”

Mlango ukasukumwa, Ikupa akasogea mwenyewe bila kujua. Tusekile akaingia ndani, kwenye nyumba ya baba mkwe wake, ameloa kuanzia kichwani, kanga imebaki njiani, uso wazi. Akamtazama mzee machoni. Mkononi alishika koki ya bomba, imeng’oka na shingo yake, inadondosha maji sakafuni.