Bi Pindo na Mtu wa Ghorofa ya Nne

Jumamosi ikifika saa saba mchana, katikati ya jiji lile hufungwa kama duka. Makarani hushuka ngazi wakilegeza tai, mageti ya chuma huteremshwa kwa kishindo, muuza magazeti hukunja meza yake. Saa nane unaweza kujilaza katikati ya barabara kuu ukaamka jioni bila hata vumbi la gurudumu. Mpaka Jumatatu alfajiri huoni mtu ila walinzi kwenye viti vya plastiki, kila mmoja mbele ya mlango wake, wametazamana kama watu walionuniana.

Walinzi hao, na Bi Pindo.

Bi Pindo alikuwa mshonaji. Jina lile alibandikwa na makarani, kwa kuwa hakuna aliyemzidi kukunja pindo la suruali likakaa kama limezaliwa nayo. Alikuwa mjane wa miaka sitini na miwili, na alikaa ghorofa ya tatu katika jengo ambalo vyumba vyake vingine vyote, juu na chini, vilikuwa ofisi. Alipoletwa pale akiwa bibi harusi, lilikuwa jengo la familia. Kila mlango ulikuwa na zulia lake la kupangusia miguu na ugomvi wake. Chini palikuwa na mwokaji mikate na kinyozi, na mtaa wa nyuma palikuwa na shule ya chekechea iliyopigiwa kengele ya baiskeli.

Kisha mwenye nyumba akang'amua kwamba kampuni hulipa kodi nono kuliko familia, haina watoto wa kuchorachora ukuta, na saa kumi na moja inajiondokea yenyewe. Familia ya kwanza ikahama, ya pili ikafuata. Shule ikakosa watoto, ikafungwa. Mwokaji akakosa wa kununua mkate wa asubuhi, akawafuata wateja wake huko walikohamia. Jengo la jirani likafanya vivyo hivyo, na la jirani yake. Mtu akimuuliza Bi Pindo kwa nini mjini pamekuwa patupu hivi, alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani, "Walitoa vitanda wakaingiza meza. Meza hailali, baba."

Upweke ule ulimfundisha kushuku. Alimshuku mtu aliyebisha hodi mara mbili badala ya tatu. Alishuku barua yenye gundi mbichi. Binti yake, aliyekaa na mumewe nje kabisa ya jiji, alisema kwenye simu kwamba mama yake hushuku hata kikohozi chake mwenyewe.

"Hama, mama. Unaishi na makabati ya mafaili."

"Makabati hayanisengenyi," alijibu Bi Pindo.

Lakini mwaka ule alikuwa na sababu. Alikuwa amekuja meneja mpya wa jengo, kijana wa viatu vilivyochongoka na manukato yaliyotangulia kufika kabla yake. Tangu aje, kila Jumamosi saa tisa maji yalikatika, yasirudi hadi Jumatatu. Bi Pindo alikinga ndoo mapema, akanuna. Hakuhitaji kuambiwa. Mtu asiyeweza kukufukuza kwa mdomo hukufukuza kwa bomba.

Halafu zikaja nyayo.

Alizisikia Jumamosi moja alasiri, akiwa anatia lisani, kile kipande cha kufunika mpasuo, kwenye sketi. Juu yake, ghorofa ya nne, palikuwa na ofisi ya bima, nayo ilikuwa imefungwa tangu mchana. Hatua mbili, kimya. Hatua mbili tena, kimya. Haukuwa mwendo wa mtu mwenye haki ya kuwepo. Bi Pindo akatoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akabaki na sindano mdomoni, akitega sikio. Kiti kiliburutwa kidogo, kisha kikanyanyuliwa, kama aliyekiburuta amekumbuka kitu.

"Huyo ni meneja," alijiambia. "Ameniwekea mtu wa kunisikiliza."

Jumamosi iliyofuata alifunga uzi mweusi kwenye ngazi za kwenda ghorofa ya nne, kimo cha kifundo cha mguu, asiweze kuuona asiyejua. Jumapili asubuhi aliukuta umekatika. Akateremka moja kwa moja hadi kwa mlinzi, mzee mnene aliyekuwa akimenya chungwa.

"Jana ulipanda juu?"

"Mimi? Magoti haya?" Mlinzi akayapigapiga. "Ngazi hizo nilizipanda siku niliyoajiriwa, nikaapa."

"Basi nani kapita?"

"Jengo halina mtu, Bi Pindo. Ila wewe."

Alisema hivyo upesi mno, tena bila kumtazama. Bi Pindo akaona kisu kimepita ganda kikaingia kwenye nyama ya chungwa. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema moyoni, na yeye ndiye aliyezijua nguo. Akamwacha amalize chungwa lake, akarudi juu bila kuaga.

Alipofika kwenye kibaraza cha ghorofa yake, pua ilimsimamisha. Vitunguu. Mtu alikuwa anakaanga vitunguu, Jumapili, katika jengo lisilo na mtu. Mpelelezi gani huyo anayejipikia? Hofu ilimshika upande mmoja na udadisi upande wa pili, na kama kawaida yake, udadisi ukashinda. Alichukua mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa, akapanda taratibu akiwa pekupeku, akausukuma mlango wa ofisi ya bima. Haukuwa umefungwa.

Katikati ya makabati, juu ya jiko dogo la umeme, kikaango kilikuwa kinachemka. Kwenye kamba iliyotoka dirishani hadi kwenye rafu ya mafaili zilianikwa fulana na soksi. Pembeni palikuwa na godoro lililokunjwa. Na aliyeshika mwiko, amevaa singlendi, alikuwa karani wa bima, yule bwana mtanashati ambaye Bi Pindo alimkunjia suruali kila baada ya miezi miwili! Nyuma yake mwanamke wa makamo alikuwa anakamua shati kwenye beseni.

Karani aliuona mkasi kwanza.

"Mama! Shikamoo."

"Marahaba. Unafanya nini hapa?"

"Na wewe, mama, na mkasi?"

Wakatazamana, kila mmoja akisubiri mwenzake aanze kusema uongo. Mwishowe karani akavuta kiti, kwa kukinyanyua kama alivyozoea, akamkaribisha. Nyumbani kwake ni mbali, alisema. Mwendo wa saa tatu kuja, saa tatu kurudi, na foleni ikikaza ni nne. Alianza kwa kulala ofisini mwisho wa mwezi kazi zinapozidi. Kisha wiki nzima. Sasa alikuwa ametimiza miezi minane. Jumamosi wanafanya kazi nusu siku. Akifika kwake ni jioni, na Jumapili mchana inabidi ageuze. Basi mke wake ndiye anayekuja, Jumapili kwa Jumapili, kumfulia na kula naye chakula kimoja cha moto. Maji huyakinga yeye Jumamosi kabla hayajakatwa.

"Mlinzi anajua?"

"Mlinzi anakula hapa."

"Kumbe!" Bi Pindo akakumbuka ganda la chungwa. "Na kwa nini unatembea kama mwizi juu ya kichwa changu?"

Karani akainamisha uso. "Nilidhani wewe ndiye jicho la meneja. Mtu gani mwingine angeachwa akae hapa peke yake miaka yote?"

Bi Pindo alifungua mdomo kukasirika, akajikuta anacheka mpaka mkasi ukamponyoka. Alipewa sahani. Alikula, akasifu chumvi. Mke wa karani hakucheka. Alianika shati, akalinyoosha kola kwa vidole, akalitazama kwa muda kama mtu anayetazama picha.

Haukupita mwezi, meneja akabisha hodi kwa Bi Pindo, asubuhi ya siku ya kazi. Hakukaa. Alisimama katikati ya vitambaa, akishika kimoja kimoja.

"Bi Pindo, kwenye karatasi zangu jengo hili ni ofisi tupu. Wewe umeandikwa 'chumba cha kushonea'. Chumba cha kushonea hakiogi Jumapili. Kwa hiyo mtu akifunga bomba, hajamkosea mtu."

"Nimeoga hapa kabla hujazaliwa."

"Najua. Na ninaweza kusahau kufunga." Akatabasamu. "Nasikia kuna mtu analala juu. Nitajie jina lake tu, maji yako yatatoka siku zote saba."

Ndoo zilikuwa zimepangwa nyuma ya mlango, nne, na mgongo wake uliijua kila moja. Na yule karani alikuwa nani kwake? Mteja. Sahani moja ya chakula. Bi Pindo alijua pia kwamba mtu anayeuliza jina mara nyingi tayari analo, anataka tu kukufanya mshiriki wake.

"Juu kuna panya," alisema.

"Panya wanaokaanga vitunguu?"

"Vitunguu ni vyangu. Harufu haina adabu, hupanda popote."

Meneja alimtazama, akakirudisha kitambaa mezani, akaenda zake. Bi Pindo alibaki anajiuliza: vitunguu alivisikia wapi, naye Jumapili haji? Akamshuku mlinzi. Akamshuku hata mfagiaji wa Jumatatu.

Wiki tatu baadaye, Jumapili saa nne asubuhi, aliyepanda ngazi alikanyaga kwa kisigino chote. Alikuwa mkurugenzi wa bima mwenyewe, na ufunguo wake. Bi Pindo alisikia mlango, sauti moja nzito, kisha godoro likiburutwa. Karani hakufukuzwa kazi. Alikaripiwa, akaamriwa atoe vyombo vyake siku ileile, na Jumatatu kitasa kikabadilishwa. Aliposhuka na godoro begani, mkewe nyuma na jiko, Bi Pindo alikuwa amesimama mlangoni pake.

Na kwa bahati mbaya isiyo na mfano, jikoni kwake maji yalikuwa yanatoka. Jumapili! Kwa mara ya kwanza katika miezi yote ile. Alikuwa amefungua bomba kwa mazoea tu, na sasa lilikuwa linamiminika ndani ya sinki, likisikika hadi kwenye ngazi.

Karani akasimama. Akasikiliza.

"Mama," alisema polepole, "ungesema tu kwamba shida yako ni maji. Ningekuchotea."

"Haki ya Mungu sikusema neno!"

Akaliweka sawa godoro begani, akashuka. Mkewe alipita ameinamisha kichwa, jiko kifuani.

Baadaye mlinzi alimnong'oneza, Bi Pindo akaelewa: maji yalikuwa yanakatwa ili kumchosha mlalaji atoke, wala si yeye aliyekuwa akiwindwa. Meneja alipoarifiwa kwamba mkurugenzi anakuja, aliacha bomba wazi. Lakini utamweleza nani? Aliyeshuku dunia nzima sasa alishukiwa yeye, na kila hoja aliyoishika iligeuka ikamchoma. Karani akawa anapita mlangoni pake asubuhi bila salamu. Suruali zake akazipeleka kwa fundi mwingine, anayekunja pindo kama anafunga mzigo. Lile pindo lilimuuma Bi Pindo kuliko kukosa salamu.

Ilipita miezi miwili. Siku moja, Jumatano mchana, mke wa karani akaingia na gauni mkononi, akitaka lipunguzwe urefu. Bi Pindo alipima, akapiga chaki. Mwanamke ndiye aliyeanza.

"Hukusema wewe."

"Najua sikusema."

"Nilisema mimi. Nilimpigia mkurugenzi mwenyewe." Alisema akiitazama cherehani. "Nimekuwa mke wa Jumapili, mama. Mtoto wetu mdogo alianza kumwita baba yake 'mgeni'. Nilimwomba arudi, akasema mwezi ujao. Kila mara, mwezi ujao."

Bi Pindo akaweka chaki chini. "Na mimi nimevaa kosa lako miezi miwili hii. Mbona hujamwambia?"

"Akijua ni mimi, ataondoka kabisa. Naomba usimwambie."

"Binti, nguo hii uliyonivika inanibana."

Mwanamke akalia kidogo, akajifuta kwa upindo wa kanga. Bi Pindo alimwacha alie. Alimkasirikia, na papo hapo akakumbuka vitanda vilivyoshushwa ngazi zile, wanaume wakivisukuma, wake zao wakibeba mito, kila familia ikihamia mbali zaidi na ile iliyotangulia. Wote walisema umbali si kitu.

"Sitamwambia," alisema mwishowe. "Ila wewe mwambie neno moja. Mwambie si mshonaji. Mengine yako."

Mwanamke akaahidi. Bi Pindo alimtazama usoni apime ahadi ina uzito gani, akashindwa.

Karani sasa anakwenda na kurudi kila siku kama wenzake. Amekonda. Wanasema husinzia mezani saa nane, na kwamba mtoto wake amejifunza kumwita baba, ingawa humwona zaidi akiwa amelala. Wiki iliyopita alibisha hodi kwa Bi Pindo, mara tatu, na suruali mbili mkononi.

"Kiuno kimezidi," alisema. "Zipunguze."

"Vidole vinne," alisema Bi Pindo, akipima kwa jicho.

"Mke wangu anakusalimu."

Bi Pindo akainua uso haraka. Je, ameambiwa? Amechoka tu kukasirika? Au pindo la fundi mwenzake limefumuka? Uso wa karani ulikuwa wa mtu mwenye usingizi, hauna zaidi.

"Msalimie nawe," alisema, akiziweka suruali juu ya cherehani. "Njoo Ijumaa."