Kimbunga Kilichokataa Kudhoofika

Fadhila hakuwa zamu siku hiyo. Alikuwa nyumbani kwake Pangani, Kibaha, lakini mtabiri wa hali ya hewa hawezi kukipa mgongo kimbunga kilichoko baharini, kwa hiyo kompyuta ilikuwa wazi mezani tangu alfajiri.

Toka jana mitambo ya utabiri ilisema kimbunga kitadhoofika. Upepo wa juu ulikuwa ukipishana na wa chini, na hali hiyo hukikata kimbunga kichwa. Lakini picha ya setilaiti iliyoingia saa moja na nusu ilimfanya asukume kikombe pembeni. Mawingu yaliyokuwa yametawanyika sasa yamejiviringisha duara, na katikati pameanza kutoboka kitundu cheusi. Jicho. Akaangalia bahari: nyuzi thelathini, tena joto hilo limefika hadi kina kirefu. Upepo wa juu nao umetulia. Kimbunga kilikuwa na chakula tele, na wa kukizuia hayupo.

Akampigia mkuu wake, Laurean.

"Shikamoo mkuu."

"Marahaba. Si unapumzika leo?"

"Kinakaza, mkuu. Mchana huu kitakuwa kitu kingine kabisa. Tahadhari yetu inasema vyombo vidogo viwe waangalifu. Inatakiwa hata vikubwa visitoke."

"Mitambo bado inasema kinadhoofika."

"Ilianza hesabu kabla jicho halijatokea."

"Mwaka ule tulipiga kelele, kikageuka kikaenda zake. Watu walitucheka miezi. Nipe nusu saa nione picha inayofuata."

Nusu saa! Kufikia hapo boti ya abiria ya Nyamisati ingekuwa imeshaondoka kwenda Mafia. Saburi, mumewe, alikuwa hapo Nyamisati pamoja na mama yake mzazi, Bi Zuleha. Walitoka Marui, Kisarawe, kungali na giza, kuwahi maziko ya kaka yake Bi Zuleha huko Mafia. Na kanuni ya kazi Fadhila aliijua, yeye ndiye aliyewafundisha wafanyakazi wapya ofisini: utabiri haupewi ndugu kabla ya umma.

Simu ikaita. Saburi.

"Tunaanza kupanda. Mama anakusalimia."

"Msipande."

"Kuna nini?"

"Msipande tu, Saburi. Nakuomba."

Alisikia injini ikiunguruma, na Bi Zuleha akiulizia mfuko wa mchele wa matanga.

"Na hawa wengine?" Saburi akauliza taratibu. "Watu kama hamsini hapa. Mimi na mama tubaki, hawa tuwapungie mkono?"

Fadhila akakata simu, akampigia Laurean tena.

"Mkuu, nimevunja kanuni. Mume wangu yuko Nyamisati, nimemwambia asipande. Barua utaniandikia, ni haki yako. Ila picha mpya imeingia sasa hivi. Ifungue tukiwa hewani, uniambie unaona nini."

Kiti kililia upande wa pili.

"Mungu wangu," Laurean akasema. "Jicho limefunguka lote. Ngoja nipige bandarini."

Dakika kumi na mbili zikapita. Simu ya Saburi haikupatikana. Fadhila alizunguka meza, akakaa, akasimama. Hatimaye Saburi akapiga.

"Wametuzuia. Kamba zilikuwa zimeshafunguliwa."

Bi Zuleha akaichukua simu. Fadhila akamwamkia.

"Marahaba. Ndugu yangu anazikwa bila mimi, Fadhila. Na bahari imetulia kama maziwa, njoo uone mwenyewe."

"Najua, mama. Nisamehe."

Kufika adhuhuri kasi ya upepo ilikuwa imekaribia kuongezeka maradufu. Saa tisa mawimbi yaligonga gati la Nyamisati hata wapagazi wakakimbia. Lakini kesho yake kimbunga kilipogusa nchi kavu kilikata pumzi, na Kibaha ikaambulia mvua na migomba michache iliyolala. "Ndiyo kimbunga chenyewe hicho?" jirani mmoja akacheka kutoka ng'ambo ya ua.

Barua ya onyo ilikuja, imesainiwa na Laurean mwenyewe. Fadhila aliipokea, akaitia mkobani. Wiki hiyohiyo Laurean alimtaka awaeleze wenzake, picha kwa picha, namna alivyolitambua lile jicho.

Bi Zuleha alimnunia siku tano. Ya sita, akijiandaa kwenda kusoma dua kaburini kwa kaka yake, alipiga simu.

"Leo je, mwanangu?"

Redio ilikwisha kutangaza tangu asubuhi kwamba bahari ni shwari. Hata hivyo Fadhila alifungua picha zote, akazitazama mara mbili, ndipo akamwambia avuke.