Siku Niliyopelekwa Kanisani na Povu Kichwani

Hili jambo nimelikalia miaka, na kama si Baba Naomi, mume wangu, kulisimulia juzi kwenye harusi ya watu, tena akilisimulia upande upande, akijifanya yeye ndiye aliyepatwa, ningeendelea kulikalia. Basi na mimi nasema. Ndiyo, ni mimi yule mama aliyetoka bafuni mbele ya washirika akiwa na povu hadi masikioni. Aibu ninayo, siifichi. Ila hasira ninayo zaidi, na nikimaliza mtaniambia wenyewe kama ni ya bure.

Tulistaafu pamoja, yeye kwenye uhandisi wa barabara, mimi kwenye uuguzi, hapa hapa Minneapolis tulikokuja yeye akiwa mwanafunzi, tukisema miaka minne tunarudi zetu Same (mnajua wenyewe hiyo miaka minne huwa mingapi). Watoto wakakua wakaondoka, nyumba ikawa kubwa kama ghala, tukaiuza tukanunua motahomu, lile gari refu kama basi lenye kitanda, jiko, choo na bafu ndani. Wazo lilikuwa letu sote, nisimsingizie mtu. Kiangazi tungekaa huku karibu na binti yetu Naomi, pale Maple Grove, na theluji ikikaribia tungeshuka kusini kwenye joto. Kilichobaki ni kuchagua huko kusini tukae wapi, maana viwanja vya wastaafu vipo kila mahali, Texas, Arizona, Florida, unaegesha, unaunganisha umeme na maji, hapo ndiyo kwako mpaka theluji iyeyuke. Mimi nilisema neno moja tu: tusichague kwa kuangalia picha. Twende tukaone, tulale hapa siku mbili, pale siku tatu, tuwajue majirani, tujue kanisa liko wapi na hospitali iko umbali gani, halafu tukubaliane. Akasema sawa mama. Akasema sawa kabisa.

Jumamosi moja ya mwezi wa kumi, jioni, tunakula kwa Naomi, mzee anafuta mdomo na kusema, kama mtu anayeomba chumvi, "Ile sehemu ya Texas nimeshawathibitishia. Kila msimu wa baridi tutakuwa pale."

Nikauliza, "Umewathibitishia wewe na nani?"

"Si tulishaongea?"

"Tuliongea kwamba twende tukaone."

"Tutaona tukifika," akasema, na akaongeza mchuzi.

Tutaona tukifika! Mimi nimeishi naye miaka thelathini na kitu, nimemzalia, nimefanya zamu za usiku ili amalize shule, leo ananihamisha kama kabati, na kabati ndiyo kwanza linapewa taarifa mezani mbele ya mkwe. Nikanuna. Na mimi nikinuna (mama yangu alikuwa hivyo hivyo, ni ya ukoo) sipayuki wala situpi vyombo, nanyamaza tu. Salamu yako siipokei, swali lako silijibu, utajisemesha mwenyewe mpaka uchoke.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na kanisani kwetu Roseville, pale tunaposali Watanzania na Wakenya kwa Kiswahili, walikuwa wametuandalia ibada ya kutuaga. Mipango ilikuwa hivi: mzee atangulie na motahomu ili watu waione na mchungaji aiombee, mimi nije na Naomi na wajukuu kwenye gari lao. Sasa asubuhi ile bafu la Naomi lilikuwa moja na foleni ni ya watoto, mara huyu hajapiga mswaki, mara yule anataka kusukwa, nikaona isiwe taabu, gauni langu nikaliacha ndani linanyooshwa, nikajifunga kanga nikatoka kimya kimya nikaenda kuoga kwenye motahomu iliyokuwa imeegeshwa mbele ya nyumba. Sikumuaga mtu. Ningemuagaje mtu, nami nimenuna?

Kuoga mle ndani kuna utaratibu wake. Tangi ni dogo, kwa hiyo unajilowesha, unafunga maji, unajipaka sabuni vizuri, ndipo unafungua tena kujisuuza. Nikawa nimeshafunga maji, nimejaa povu kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, kanga imeniponyoka imeanguka chini imelowa chapa chapa (kanga nyepesi ikilowa, kuifunga ni sawa na kutofunga), nikasikia mlango wa mbele unafunguliwa na mzee anaita, "Mama Naomi! Upo humo?"

Nilimsikia. Nilimsikia vizuri sana. Na hapo ndipo palipo na kosa lote la siku ile, kwa sababu ningesema "nipo" tu, neno moja, silabi mbili, mkasa huu usingekuwepo. Lakini nilijiambia, kwani si nimenuna? Aliyenuna haitiki. Nikanyamaza, tena kwa raha, nikitabasamu peke yangu na povu langu, nikisema moyoni ahangaike.

Hakuhangaika hata kidogo. Nikasikia injini inaunguruma.

Nikapiga kelele, nikagonga ukuta kwa chupa ya sabuni, lakini alikuwa ameshaweka kanda ya kwaya na kuifungulia sauti yote, akiimba besi yake kwa nguvu, na kwenye kona ya kwanza nikatupwa nikakaa kwenye kifuniko cha choo. Nafungua maji nijisuuze angalau macho, maji hakuna, kwa sababu mzee ni mtu wa utaratibu, na utaratibu unasema kabla ya safari uzime pampu, na swichi ya pampu iko jikoni. Nikasema basi nikimbilie chumbani nitafute hata shuka. Nafungua mlango wa bafu, naona makatoni ya soda aliyoyapanga kwenye korido kwa ajili ya wageni yameporomoka na kuziba mlango wa chumba, na mbele yangu ni dirisha kubwa, mapazia yamefungwa pembeni kwa utepe ili watu wakaone ndani palivyo pazuri, na nje ni barabara kuu ya 694 na lori limekaa sambamba na sisi. Dereva akanipigia honi. Mimi, bibi wa watu! Nikarudi bafuni nikajifungia.

Mwendo wote ule nilikaa pale nikiwa na macho yanayowasha, nikitunga hotuba. Nilikuwa na hotuba nzuri sana. Nilipanga tukifika tu, kabla hajashuka, nigonge kwa nguvu anisikie, aniletee shuka, nimpe yake tukiwa wawili.

Lakini hakutoa nafasi. Gari halijasimama sawasawa mlango umeshafunguliwa, na nikasikia watu wanapanda, vicheko, viatu, "karibuni, karibuni, futeni miguu hapo," na mzee anaanza kuwatembeza. Hapa jiko, jamani lina oveni kabisa. Hapa tunakaa, meza hii inageuka kitanda. Sasa mimi niseme nini? Nigonge watu wote wajue nipo uchi nusu mita kutoka walipo? Nikabana pumzi. (Nilisali pia, siwezi kudanganya, nilisali kwa bidii kuliko Jumapili nyingine yoyote.)

Akafika kwenye bafu akashika kitasa. Kitasa kikakataa.

"Kumekwama," akasema. "Na joho langu la kwaya limo humu, nililitundika mvuke ulinyooshe."

Nikageuza kichwa. Kweli, nyuma ya mlango lilitundikwa joho la zambarau, na mimi kwa povu lililonijaa machoni sikuwa nimeliona muda wote.

Otieno, kijana wa Kikenya niliyewahi kufanya naye kazi wodi moja, akasogea akajaribu. "Mzee, hii lock ime-jam. Ngoja nitoe screwdriver kwa gari."

Akaenda, na wakati wanamngoja nikasikia sauti ya Mama Njeri, Mkenya mwenzake, mwanamke asiyejua kunong'ona. "Sasa mzee, mnatuacha aje? Huko Texas kuna nini yenye haiko hapa?"

Na Baba Naomi, mume wangu wa ndoa takatifu, akashusha pumzi ndefu ya mtu mwenye mizigo, akasema, "Ningekuwa mimi, Mama Njeri, ningebaki hapa hapa na wajukuu. Ni mama. Baridi hataki, miguu inamsumbua, amelia na Texas mwaka mzima. Sasa ukimpenda mtu utafanyaje?"

Watu wakasema poleee mzee. Mama mmoja wa kamati ya wanawake (sauti niliijua) akasema, "Ndivyo tulivyosikia. Lakini wanawake wengine jamani, anamtoa mzee wa watu kwenye kwaya, anamtenga na damu yake, kisa miguu!"

Hapo nikaelewa. Wiki kadhaa wale kina mama walikuwa wananisalimia kwa vidole viwili, nikiingia jikoni mazungumzo yanakatika, na mimi nilikuwa nikijiuliza nimewakosea nini. Kumbe nimeshatangazwa! Kumbe mtu alijichagulia Texas yake, akanibebesha mimi lawama yake, akaja kunitangaza kanisani, na jana usiku ndiyo nikapewa habari mezani. Nikasahau kwamba nipo uchi. Nikasahau kwamba nimenuna.

"MWONGO!" nikasema.

Mtu alidondosha chupa ya soda. Mzee akasema kwa sauti ndogo, "Mama Naomi?"

"Ndiyo, ni mimi! Ulinichukua kutoka Maple Grove kama mzigo, kama ulivyotaka kunipeleka Texas! Nani alilia na Texas? Sema! Mimi nilisema twende tukaone, wewe umechagua peke yako, umethibitisha peke yako, na miguu yangu unaiuza mtaani! Miguu gani? Miguu hii imesimama wodini ukiwa unasoma!" Huku nasema navaa joho, linanata kwenye povu, mkono huu umeingia, ule umepotelea ndani, na lenyewe nimeligeuza nje ndani. Otieno, ambaye alikuwa amesharudi na bisibisi yake, sijui ni hofu au ni bahati mbaya, akalisukuma komeo, na mlango ukafunguka wenyewe taratibu.

Nikatoka. Watu wakabanana pande mbili kunipisha kama Bahari ya Shamu, nikashuka ngazi mpaka nje kwenye maegesho, ambako waliobaki walikuwa wamepanga mstari kungoja zamu yao ya kuona motahomu. Naomi ndiyo kwanza alikuwa anashuka kwenye gari lake, gauni langu halimo (alidhani nimeondoka na baba yake nimeshavaa), na mjukuu wangu Upendo, anayekielewa Kiswahili chote ila kukijibu hataki, akauliza kwa sauti ya kengele, "Mommy, why is Bibi wearing Babu's dress?"

Kuna waliocheka. Niliwaona, na bado ninawajua kwa majina.

Mchungaji akaja mbio, mikono mbele. "Mama, mama, twende ofisini tuyamalize ndani kwa utulivu."

Nikamwambia, "Mchungaji, nakuheshimu. Lakini uongo umesemwa hapa hapa, utafutwa hapa hapa." Nikamgeukia mzee aliyekuwa amesimama kwenye ngazi na shati lake jeupe na tai. "Waambie."

Akaangalia viatu. Akaangalia motahomu. Povu linanitiririka usoni, upepo wa mwezi wa kumi unapita ndani ya lile joho, na mimi sitikisiki. Mwishowe akasema, "Ni mimi niliyechagua Texas. Mama hakuniomba. Nilisema ni yeye kwa sababu... niliona mtanisema." Maneno hayo tu. Yule mama wa kamati akaanza kutafuta kitu ndani ya mkoba wake, akakitafuta kwa muda mrefu sana.

Mama Njeri ndiye aliyenishika mkono. Hakucheka wala hakunipa pole, alinipeleka jikoni mwa kanisa akanisuuza nywele kwenye sinki la vyombo, akanitolea kwenye gari lake sare yake ya kazini, suruali na blauzi zenye picha za dubu wadogo, kwa sababu alikuwa anafanya kazi wodi ya watoto. Nikaagwa nikiwa nimevaa dubu. Nimekaa mbele, mzee pembeni yangu, kwaya inaimba bila besi, na tulipoitwa kupokea zawadi wakanivika kofia pana ya ukili, ya kunikinga na jua la Texas. Nikasema asante. Ungekuwa wewe ungesemaje?

Mnataka kujua iliishaje. Hatukuondoka wiki ile. Siku nyingi tuliongea, yaani mimi niliongea, na safari hii yeye ndiye aliyenyamaza. Akawapigia wale wa Texas akaomba wasitutegemee. Kisha tukashuka kusini polepole, tukikagua viwanja kimoja kimoja kama nilivyosema tangu mwanzo. Kimoja majirani walikuwa na mbwa saba. Kingine treni lilipita kama vile chini ya mto wa kulalia. Kingine chote kilikuwa mawe, hata mchicha usingeota. Na mwisho kabisa tukafika pale pale alipopachagua yeye, na kilichonikera kuliko yote, kuliko 694, kuliko dubu, ni kwamba palikuwa pazuri. Michungwa, majirani wastaarabu, kanisa la kutembea kwa miguu. Usiku wa kwanza nililala kama mtoto, na asubuhi magoti yangu hayakuuma.

Nikamwambia, "Patafaa." Akaitikia, "Haya mama," na akawa na akili ya kutotabasamu.

Kwa hiyo msinihubirie kwamba mzee alikuwa sahihi. Mahali alikuwa sahihi, njia hakuwa sahihi, na mimi nilipelekwa kanisani kama shehena kwa sababu niliudhika nikaamua kufunga mdomo. Tangu siku ile nimeapa: sinuni tena kimya kimya. Mtu akiniudhi namwambia saa hiyo hiyo, iwe mezani, iwe kwenye simu, iwe mbele ya mkwe. Majirani wa Texas wanalalamika kwamba nina kelele. Wazoee.