Karatasi ya Masikio ya Baba

Baba amesaga mahindi ya watu wa kambi ya wakimbizi ya Dzaleka kwa miaka kumi na moja, chini ya bati, hatua moja kutoka kwenye injini ya dizeli. Vizibo vya masikio nilivyomnunulia alivitoa siku hiyohiyo. "Mwenye kusaga anasikiliza mashine," alisema. "Ikianza kulia kavu, njo unaongeza mahindi. Nikiziba, nitajua namna gani?"

Masikio yalipopungua nguvu, akaanza kuweka kiganja kwenye bomba la unga ili ahisi mtetemo. Wateja walimtania: "Papa, kesho tutakuandikia barua!" Alicheka kwa kuwatazama midomo.

Mimi, mwenye shahada, sikucheka. Nilitafuta mkosaji. Ni injini? Ni zile sindano za kifua kikuu alizodungwa miezi mingi, ambazo nilisoma kwamba zinaweza kuharibu masikio? Au ni kwaya, ambako kila Jumapili hupiga gitaa mgongo ukigusa spika? Nilipanga na kupangua, kana kwamba nikimpata mkosaji atarudisha alichochukua.

Kisha mkanda wa injini ukanasa kitenge cha mama mmoja. Alipiga kelele, na foleni nzima ikapiga kelele. Baba alikuwa amewapa mgongo, kiganja kwenye bomba. Kitenge kilichanika, mama akapona. Mwenye mashine akasema baba asirudi bila karatasi ya daktari.

Hospitalini Lilongwe walimweka kwenye chumba kidogo chenye kioo, wakamfunika masikio kwa vipokea sauti. Akisikia mlio, abonyeze kitufe. Nilikaa nyuma ya mpimaji. Muda si muda nikagundua kwamba baba anamtazama mpimaji bega. Bega likisogea mpimaji anapotuma mlio, baba anabonyeza.

"Kwa umri wake si mbaya," mpimaji aliniambia, kalamu mkononi. "Nyumbani anasikia vizuri?"

Baba alinitazama kupitia kioo. Niliwaza kitenge. Niliwaza kwamba kambini hana kazi nyingine, na kwamba mimi sina hata moja. Niliwaza kwamba ninachelewa kujibu, na kwamba kuchelewa nako ni jibu.

"Anasikia," nikasema. Mpimaji akatia sahihi kwenye karatasi.

Baba alirudi kazini kesho yake, nami nikamfuata. Tangu hapo nashinda karibu na mkanda, nikiwaambia wamama washike vitenge vyao.

"Eh, we uliyesoma," mmoja aliniuliza juzi, "njo hii kazi bamekupa?"

Nikamwomba asogee nyuma kidogo.