Mama Antena na mjukuu wa vipande vipande

Saa nne asubuhi, juu ya paa la jengo la ghorofa sita, mwanamke aliyejifunga kitambaa kichwani ameshika antena kwa mkono mmoja na simu kwa mkono mwingine. Anaigeuza antena kidogo, anasoma skrini, anaguna.

"Hapo sasa inapumua," anasema.

Wapangaji wanamwita Mama Antena. Ana miaka arobaini na tisa, ni mjane, na kwa miaka minane amekuwa akiwauzia intaneti isiyo na waya watu wa jengo hili. Binti yake wa pekee ni muuguzi ng'ambo. Mwaka jana alijifungua mtoto wa kike.

Jumapili ya kwanza walipopigiana simu ya video, picha iliganda kabla mtoto hajafunuliwa uso.

"Nikabaki natazama shali," anasema. "Binti yangu ananiuliza, 'Mama, umemwona?' Nikamwambia nimemwona, mzuri. Nilimdanganya mwanangu."

Alipanda paani kutafuta mchawi, akakuta mchawi ni yeye mwenyewe na wenzake wawili wanaouza intaneti kwenye jengo hilohilo. Wote watatu walitumia masafa yaleyale ya redio, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuyatumia, na kila mmoja alikuwa amepandisha nguvu ya mitambo yake ili amfunike mwenzake, mawimbi yakawa yanagongana.

Akamwendea mshindani wake mkubwa, fundi anayejulikana kama Kipara, kumwomba washushe nguvu.

"Dada, nikipunguza mimi, wateja si watakimbilia kwako?"

"Wateja gani, kaka? Jana wangapi wamekupigia kukutukana?"

Kipara alicheka, lakini hakukubali. Kanuni za kugawana masafa zipo miaka yote. Ila hakuna aliyeona atapata nini akiwa wa kwanza kuzifuata.

Aliyewapa sababu ni msimamizi wa jengo, aliyechoshwa na kelele za wapangaji. Alitangaza kwamba atakayekaa kwenye chaneli aliyopangiwa, yaani kipande chake cha masafa, na kushusha nguvu atapewa ufunguo wake wa paa, na mitambo yake itaungwa kwenye jenereta. Asiyetaka ataomba ruhusa kila akitaka kupanda, na umeme ukikatika shauri yake.

Ndani ya wiki mbili wote watatu walitia saini makubaliano hayo. Simu za malalamiko kwa Mama Antena, zilizofika thelathini kwa wiki, zimebaki nne.

Sasa picha haigandi. Mtoto ametimiza mwaka, anatembea. Jumapili iliyopita alimtazama bibi yake kwenye simu, kisha akajificha nyuma ya mguu wa mama yake.

"Namwona mpaka kope," anasema Mama Antena, sauti ikishuka. "Lakini hanijui. Na simu haina harufu ya mtoto."

Zamani asingethubutu kuondoka hata siku tatu; wenzake wangemnyang'anya wateja. Mwezi ujao anasafiri kwenda kwa binti yake kwa wiki sita, na atakayewahudumia wateja wake ni Kipara.

"Nimemwambia, kaka, hata ukinipora nitakusamehe," anasema. "Mimi nikifika nitakaa sakafuni tu. Simwiti mtoto, simshiki. Nitangoja aje mwenyewe."